Sarafu Iliyogongwa kwenye Madini Yasiyo Yake: Namna ya Kuikagua Nyumbani, kwa Watu wa Tanga

Ramadhani iliyopita, baada ya futari, jirani yangu wa hapa Ngamiani ambaye sote mtaani tunamwita Bi Mkubwa alikuja barazani kwangu akiwa amefunga kitu kwenye pindo la kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa jamvini na kulifungua fundo taratibu. Ndani mlikuwa na sarafu mbili za Mjerumani, zote za heller 20, zote za mwaka 1916, zote na herufi T. Moja nyekundu kama sufuria ya zamani, ya pili imepiga umanjano.

"Mwanangu, moja hapa ilikosewa kiwandani. Mjukuu wangu kaona kwenye simu kuwa sarafu ya madini yasiyo yake huuzwa mamilioni. Sasa niambie, ni ipi?"

Ilinibidi nimwambie ukweli: hakuna iliyokosewa. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na hapa kwetu Tanga palipiganwa kuanzia tarehe 3 hadi 5 Novemba mwaka huo huo. Sarafu kutoka Berlin na Hamburg zikawa haziji tena. Wajerumani wakaamua kugonga zao ndani ya nchi, kwenye karakana ya reli Tabora, na ndiyo maana ya ile T. Walitumia madini yoyote yaliyopatikana, shaba nyekundu na brasi (shaba iliyochanganywa na zinki, yenye umanjano), kwa hiyo heller 20 ya 1916 ipo ya rangi zote mbili na zote ni halali. (Neno letu "hela" lenyewe limetokana na hiyo heller. Kila tunapodaiana hela tunaitaja sarafu ya Mjerumani bila kujua.)

Nimeona watu wengi wakibeba matumaini kama ya Bi Mkubwa, wengine wakitoka Muheza na Pangani kwa nauli ya kukopa. Nimeandika mwongozo huu ili mtu aikague sarafu yake mwenyewe, mezani kwake, kabla hajamtumainia wala kumwogopa mnunuzi yeyote.

Kosa lenyewe hutokeaje

Kiwandani, bamba la madini hukatwa visahani vitupu, visahani vikamwagwa kwenye mapipa, mapipa yakapelekwa kwenye mashine inayogonga chapa pande zote mbili kwa pigo moja. Mashine haina macho. Kama kwenye kona ya pipa vilinasa visahani viwili vitatu vya kazi ya jana, vitashuka pamoja na vya leo na kugongwa chapa ya leo.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni senti ya Marekani ya 1943. Shaba ilihitajika vitani, kwa hiyo mwaka ule senti zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, nyeupe kabisa. Visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilibaki kwenye mitambo, vikagongwa tarehe 1943. Kijana wa miaka 16, Don Lutes, aliipata moja mwaka 1947 katika chenji ya kantini ya shule huko Pittsfield, Massachusetts. Alipouliza serikalini alijibiwa kuwa mwaka 1943 hakukugongwa senti ya shaba. Akaitunza hivyo hivyo hadi uzeeni, na Januari 2019, baada ya yeye kufariki, ikauzwa mnadani kwa dola 204,000. Mwaka 1944 mambo yaligeuka: shaba ilirudi, na vikapatikana visahani vichache vya chuma vyenye tarehe ya 1944.

Hilo ni kosa la mwaka wa mpito. Lipo pia la kisahani cha sarafu nyingine ya nchi ile ile, na la kisahani cha nchi nyingine kabisa. Hili la mwisho linatuhusu, kwani sarafu zetu za mwanzo za 1966 ziligongwa Royal Mint ya Uingereza, kiwanda kinachohudumia nchi nyingi. Jambo moja la kushika hapo: kila sarafu hugongwa ndani ya pete ya chuma yenye upana wake. Kisahani kidogo kuliko pete huingia, kikubwa hakiingii. Kwa hiyo sarafu ya kosa hili mara nyingi ni ndogo kuliko inavyotakiwa, na maandishi ya pembeni yamekatika kwa kukosa nafasi.

Kabla ya yote, usiisafishe

Nasema hili kwa uchungu. Niliwahi kuletewa rupia ya 1890, ile yenye Kaiser Wilhelm wa Pili mwenye kofia ya tai upande mmoja na simba chini ya mtende upande wa pili. Mwenyewe alikuwa ameisugua kwa majivu na limau usiku kucha ili ipendeze. Ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya, na uso wa Kaiser umejaa mikwaruzo ya duara isiyofutika. Rangi ya uzee juu ya sarafu ndiyo ushahidi wa madini yake na umri wake. Ukiiondoa umeondoa nusu ya bei, na aliyeijua sarafu ataliona hilo bila hata kuigusa.

Ikiwa na udongo, iloweke kwenye maji ya kunywa siku nzima, kisha iache ikauke juu ya kitambaa. Usiisugue, usiipake dawa ya meno wala kuitia kwenye siki. Ishike kwa ukingo tu. Na asitokee mtu akachukua tupa "aone ndani". Mnunuzi mmoja aliyepita mitaani kwetu alimfanyia hivyo mzee wa watu mbele ya macho yake, akaacha kovu kwenye ukingo wa sarafu, akasema ni takataka na kuondoka.

Hatua ya 1: Jua ilitakiwa iwe ya madini gani

Hapa ndipo madai mengi huishia, maana sarafu za kwetu zimebadilishwa madini mara nyingi kwa makusudi. Soma tarehe kwanza, kisha linganisha.

Za Mjerumani: pesa ya 1890 hadi 1892, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, ni ya shaba. Rupia, nusu na robo ni za fedha. Heller 5 ya 1908 na 1909 ni kubwa, nzito, ya shaba, haina tundu. Heller 5 ya 1913 na 1914 ni nyeupe, ndogo, ina tundu, ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Mtu akiziweka pamoja hudhani moja imekosewa, kumbe serikali iliamua kubadilisha. Heller 5 ya Tabora ya 1916 ni ya brasi.

Za Mwingereza: senti 1, senti 5 na senti 10 za 1920 ni nyeupe, na baada ya hapo zikawa za shaba. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ina fedha robo tu, sehemu 25 kwa 100, na ya 1948 hadi 1952 haina fedha hata chembe. Wengi huja na shilingi ya 1950 wakiapa ni fedha. Hapa kosa la kweli lingekuwa shilingi ya 1948 kwenye kisahani cha fedha cha miaka iliyotangulia. Ni jambo linalowezekana, na kama una shilingi za 1948 zikague zote.

Zetu wenyewe: shilingi 1 ya mwenge na senti 50 ya sungura, kuanzia 1966 hadi miaka ya mwanzo ya 1980, ni za shaba na nikeli. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 sarafu hizo hizo zikawa za chuma kilichovikwa nikeli. Ukizitazama hutaona tofauti. Senti 5, ile ndururu, ni ya shaba, na senti 20 ya mbuni ni ya brasi yenye nikeli. Shilingi 100 ni chuma kilichopakwa brasi, na shilingi 500 iliyotoka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli.

Andika kwenye daftari: tarehe, thamani, madini yanayotakiwa. Usiendelee kabla ya kuandika, kwani ukishaanza kupima macho huona unachokitaka.

Hatua ya 2: Sumaku

Ng'oa sumaku kwenye spika mbovu, au nunua ndogo yenye nguvu. Ifunge kwa uzi, ining'inize, kisha isogezee sarafu taratibu. Kwa namna hii utaona hata mvuto mdogo.

Chuma huvutwa. Nikeli tupu nayo huvutwa, na wengi hawalijui hili. Lakini shaba iliyochanganywa na robo ya nikeli haivutwi, wala shaba, brasi, fedha, dhahabu au alminiamu. Kwa hiyo shilingi 1 ya 1974 ikirukia sumaku, simama hapo, una jambo la kuchunguza. Shilingi 1 ya 1988 ikikataa sumaku, vivyo hivyo. Shilingi 100 ikirukia sumaku ni kawaida yake. Senti ya Marekani ya 1943 yenye rangi ya shaba ikirukia sumaku ni ya chuma iliyopakwa rangi, na hizo zipo nyingi mno.

Hatua ya 3: Mzani

Mzani wa sokoni haufai. Unahitaji ule wa sonara, unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Masonara wetu wa Ngamiani wanao, na ukienda kwa adabu saa ambazo hakuna wateja, ukaamkia vizuri, watakupimia. Siku hizi mizani midogo ya betri inauzwa kwa bei nafuu kwa watu wa simu.

Usikimbilie vitabu vya uzito. Tafuta ndugu watano wa sarafu yako, wa thamani ile ile na miaka ile ile, wapime wote, andika. Wakitofautiana kwa sehemu ya kumi ya gramu ni uchakavu. Yako ikiwa imepungua au kuzidi kwa robo ya gramu au zaidi, na haikumomonyoka, isogeze mbele. Kisha jiulize: uzito huu ni wa sarafu ipi nyingine? Kosa la kweli kwa kawaida huwa na uzito wa kitu kinachojulikana. Senti ya shaba ya Marekani ina gramu 3.11, ya chuma ina gramu 2.70, na senti ya 1943 ya kweli ya shaba hukaribia ile 3.11.

Rupia ya fedha ya Mjerumani ndiyo nitakayokupa namba yake, kwa kuwa za bandia zimejaa: gramu 11.66, pungufu kidogo kwa iliyotumika sana.

Hatua ya 4: Maji

Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote. Hakiikwaruzi sarafu, hakina gharama, na rangi ya juu haiwezi kukidanganya.

Weka mzani mahali palipotulia, feni imezimwa. Juu yake weka glasi ya plastiki yenye maji ya kunywa, nusu. Yasiwe ya kisima chenye chumvi, maana chumvi huharibu hesabu. Bonyeza mzani urudi sifuri. Panga vitabu marundo mawili, kulia na kushoto kwa mzani, ulaze kijiti juu yake kama daraja. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, na sarafu yenye tundu upitishe uzi tunduni, kisha iteremshe kutoka kwenye kijiti hadi izame yote. Isiguse chini wala pembeni mwa glasi. Ikiwa na vipovu vya hewa, vitoe kwa kuitikisa kidogo.

Namba inayosomeka sasa ni uzito wa maji yaliyosogezwa. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, ugawe kwa namba hiyo. Jibu ndilo uzito wa madini yenyewe kulinganisha na maji:

- alminiamu: 2.7
- zinki: 7.1
- chuma: 7.9
- brasi: 8.4 hadi 8.7
- shaba nyekundu, nikeli, na mchanganyiko wake: karibu 8.9
- fedha ya rupia: 10.3
- fedha safi: 10.5
- dhahabu ya rupia 15 ya Tabora: karibu 15
- dhahabu safi: 19.3

Bi Mkubwa alikaa nami nikizipima zile zake mbili, taa ya simu ikimulika glasi. Ile nyekundu ilikuwa gramu 11.42, ikasogeza maji gramu 1.28. Tukagawa: 8.92, shaba. Ile ya manjano ilikuwa gramu 10.87, nayo ikasogeza 1.28 ile ile. Tukagawa: 8.49, brasi. Ukubwa mmoja, madini mawili. Aliitazama ile namba kwa muda, kisha akasema marehemu mumewe siku zote alikuwa akisema ya manjano ni nyepesi mkononi, na hakuna aliyemwamini.

Rupia ya fedha ya gramu 11.66 husogeza maji kama 1.13. Ya bandia yenye uzito huo huo ya shaba na nikeli husogeza 1.31. Zile rupia 15 za dhahabu zenye tembo, zilizotengenezwa Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zina gramu 7.17 na husogeza maji kidogo sana, karibu 0.48. Ukikuta 0.84 umeshika brasi. Namwomba kila anayeletewa "tembo wa dhahabu" afanye kipimo hiki kabla ya kutoa shilingi yoyote.

Kuna mipaka. Shaba, nikeli na mchanganyiko wake zina jibu moja, kwa hiyo hapo utaamua kwa rangi na sumaku. Sarafu ndogo ya gramu mbili hutoa jibu la kuyumba, hivyo pima mara tatu na uchukue la katikati. Ya chuma ikitoka majini ifute papo hapo, isipate kutu.

Hatua ya 5: Kioo cha kukuzia na hadithi ya sarafu

Sasa uliza: kama madini ni tofauti, yalibadilika kiwandani au baadaye? Tazama ukingo na sehemu zilizochakaa zaidi, kama shavu la mtu au ncha za herufi. Kwenye iliyopakwa rangi utaona madini mengine yakichungulia. Kwenye ya kweli rangi ni moja hadi ndani ya mikato.

Hapa pwani tuna msiba wetu. Brasi ikikaa muda mrefu kwenye maji ya chumvi hupoteza zinki, inabaki nyekundu kama shaba. Vijana huokota sarafu kwenye matope ya maji kupwa huko Raskazone na kudhani zimekosewa, kumbe bahari imezila. Uso wake huwa na vishimo vidogo vidogo, na uzito umepungua. Sarafu ya shaba iliyopakwa zebaki huwa nyeupe kama fedha. Hiyo usiichezee, zebaki ni sumu. Wanafunzi nao katika maabara huivika shaba zinki ikawa nyeupe, wakiipasha moto inakuwa ya dhahabu. Ipo pia iliyoungua nyumba ilipowaka, na iliyotiwa maji ya dhahabu kwa ajili ya kidani.

Angalia na maandishi ya pembeni. Sarafu iliyogongwa kwenye kisahani kidogo hukatika herufi kwa mviringo laini, na mgongo wa ukingo haujainuka. Iliyokatwa na mtu baadaye huwa na makali au alama za tupa.

Hatua ya 6: Mashine, na kuuza

Sarafu ikishinda yote hayo, sasa inastahili gharama. Wanunuzi wakubwa wa dhahabu wana mashine ya mionzi inayosoma madini bila kukwaruza. Ni nzuri, ila husoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo jibu lake lilinganishe na jibu lako la maji. Yakipingana, jua kuna rangi juu. Sonara akitaka kutumia jiwe na tindikali, mkatalie kwa heshima.

Kwa soko la nje, kampuni za Marekani za PCGS na NGC hukagua na kuifunga sarafu kwenye kasha lenye cheti. Bila cheti cha namna hiyo hakuna atakayelipa bei ya kosa, na huko hupeleki mpaka hatua zote tano zimekubali. Piga picha pande zote mbili na ukingo, mchana kivulini, pamoja na picha ya mzani ukionyesha namba. Sarafu isitoke mkononi mwako kwa ahadi ya simu. Anayekuomba utangulize pesa ya "ukaguzi" au ya "mteja wa Kiarabu" anataka pesa hiyo tu. Na rupia haina umeme wala madini ya ajabu ndani yake. Watu wamechimba hadi misingi ya nyumba zao wakitafuta mali za Mjerumani kwa maneno hayo.

Kitu kingine: sarafu za kale kwenye magofu kama ya Tongoni usizichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ukikuta imejitokeza, iache hapo na utoe taarifa.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, kwa hiyo hifadhi yoyote ya sarafu yako ni bora kuliko pindo la kanga. Bahasha ndogo ya karatasi kwa kila moja, zote ndani ya kopo lenye mfuniko, pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Mifuko laini ya plastiki inayonuka iache, huifanya shaba kuwa ya kijani. Juu ya bahasha andika tarehe, uzito, namba ya maji, na umeipata kwa nani. Kwenye za Bi Mkubwa tuliandika: heller 20, 1916 T, shaba, 11.42, 8.92; na heller 20, 1916 T, brasi, 10.87, 8.49, na chini yake jina la marehemu mumewe, kwa mwandiko wa mjukuu.